Rangi Kumi na Saba za Bomba Kuu

Nchi yenyewe haiko mbali, wala mambo haya si ya zamani. Usihangaike kuitafuta kwenye ramani, maana ramani yake ilipelekwa kupakwa rangi na mpaka leo haijarudi. Ni nchi nzuri, yenye amani, na kila kitu chake kinang'aa kwa nje.

Nchi hiyo ilikuwa na Bomba Kuu. Lilishuka kutoka tangi la mlimani, likapita juu ya nguzo mbele ya Shule ya Msingi Chini ya Bomba, kisha likaingia mjini kuwagawia watu maji. Kwa unene, mtu mzima hakuweza kulikumbatia likaenea. Kila mwaka, ikifika Siku ya Bomba, serikali ililipaka rangi mpya. Mwaka wa Umoja lilipakwa njano, mwaka wa Juhudi kijani, mwaka wa Subira bluu, na mwaka ule wa njaa lilipakwa nyekundu ili watu wachangamke. Miaka kumi na sita, rangi kumi na sita, na ya kumi na saba ilikuwa ndooni inangoja sherehe. Hakuna aliyewahi kukwangua ya chini kabla ya kupaka ya juu. Rangi ya serikali haifutwi, huongezwa.

Tatizo lilikuwa dogo tu. Tangi likitoa ndoo mia, mjini zilifika ishirini. Wizara ilieleza kwamba zile themanini hukaushwa njiani na midomo ya walalamikaji. Wananchi waliridhika, au walinyamaza, na katika nchi hiyo hayo mawili huhesabiwa pamoja. Wafadhili kutoka ng'ambo ndio hawakuelewa. Wakaleta vipimo.

Kazi ya kuvifunga akapewa Mwajabu, fundi wa vipimo wa Idara ya Maji. Alikuwa na mtoto mmoja, Kidawa, anayesoma darasa la pili katika shule hiyo hiyo ya chini ya bomba. Kidawa akikohoa mara moja, Mwajabu keshaweka tangawizi jikoni. Akichelewa dakika tano, mama mtu yuko barabarani, kanga moja begani na nyingine mkononi. Mafundi wenzake walimwita Mama Tahadhari, naye hakukasirika, kwa sababu wao mabomba yao yalikuwa yanavuja na yake hayavuji.

Vipimo vyenyewe vilikuwa visanduku viwili, kila kimoja kama kipande cha sabuni ya kufulia, pamoja na kioo cha kuonyesha namba. Havikati bomba wala havilitoboi. Unavipaka grisi tumboni, unavibana nje ya bomba kwa mikanda ya chuma, basi. Vinapigiana sauti ambayo sikio la mtu haliisikii. Sauti ikienda na maji inawahi, ikirudi dhidi ya maji inachelewa, na kwa tofauti hiyo vinajua ni maji kiasi gani yanapita ndani. Watu wakaviita masikio.

Kijitabu kilichokuja na masikio kilitaka mambo matatu. Vibanwe mahali bomba limenyooka. Vibanwe ubavuni. Na rangi ikwanguliwe kwanza, mpaka chuma king'ae. Mwajabu alikisoma mara mbili, akaona hii ni kazi ya nusu siku.

Akaenda kuomba ruhusa kwa Bwana Lukindo, Mkurugenzi wa Heshima ya Mabomba, mtu mnene mwenye sauti laini, ambaye hata akikukatalia unajikuta unasema asante.

"Hilo la kunyooka halitawezekana, Bi Mwajabu," alisema Lukindo. "Jukwaa la sherehe limejengwa kwenye kona."

"Kwenye kona maji yanajizungusha, mkurugenzi. Namba zitayumba."

"Zitayumba kwa furaha. La pili?"

"Vikae ubavuni. Juu ya bomba kunakaa hewa, chini kunakaa mchanga."

"Kitu cha serikali kikae ubavuni, kama kupe? Vitakaa juu, Mtukufu avione. La tatu?"

"Tukwangue rangi. Mahali padogo, pa kiganja."

Lukindo aliweka kalamu chini. Akaenda kufunga mlango, akachungulia dirishani, akarudi kukaa.

"Dada yangu, unajua Bomba ni nani?"

"Bomba ni bomba, mkurugenzi."

"Bomba ni Mama wa Taifa. Imeandikwa. Sasa wewe unataka umvue mama yako nguo mchana kweupe, barabarani, mbele ya watoto wa shule."

"Pa kiganja tu."

"Nguo ni nguo."

Lakini serikali ile haikuwa katili. Ilikuwa na fomu. Lukindo akamtolea Fomu ya Kuomba Kumvua, kurasa sita. Swali la nne liliuliza, "Rangi imekukosea nini?" La tisa lilitaka majina ya kina bibi watatu watakaoshika pazia wakati wa kukwangua. Kamati ya kupitia fomu hukaa mara moja kwa mwaka, wiki moja baada ya Siku ya Bomba. Sherehe ilikuwa imebaki siku nne.

Mwajabu akasema asante, akatoka.

Alipofika kwenye bomba aliegemeza ngazi, akatoa kidude chake cha kupimia unene, maana masikio hayafanyi kazi mpaka uyaambie ukuta wa bomba una unene gani. Akakibandika juu ya rangi. Kidude kikaandika mstari mtupu. Akadhani betri imekufa. Akakijaribu kwenye mguu wa ngazi, kikasoma vizuri. Akakirudisha kwenye bomba, mstari mtupu. Akagonga kwa kifundo cha kidole. Chuma ukikigonga hulia. Hili lilijibu *bu*, kama mtu uliyemwamsha asubuhi hajataka kuamka. Akabonyeza kwa ukucha. Ukucha ukaingia.

Chini ya ngazi alikuwa amekaa Mzee Fikirini, mpaka rangi wa serikali, aliyelipaka bomba lile tangu rangi ya kwanza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Mbona unamgonga kama daktari?"

"Chuma kiko wapi, Mzee Fikirini?"

Mzee alifunika ndoo yake, akajifuta mikono taratibu. "Rangi ya kumi na mbili ndiyo brashi ilianza kuzama. Nikamwambia mkubwa. Akaniambia nipake nene."

"Nakuuliza chuma."

"Kiliondoka polepole, kama mpangaji mstaarabu, hakikumwamsha mtu. Kutu ikila kwa ndani, mimi naongeza kwa nje. Kwa sasa, mwanangu, maji ya mji mzima yanapita ndani ya kazi yangu." Na hakusema kwa majuto. Kulikuwa na fahari kidogo pale.

Mwajabu alishika ngazi kwa mikono yote miwili. "Linastahimili vipi?"

"Vali ya mlimani inafunguliwa robo. Robo linavumilia. Ikizidi hapo usiniulize, mimi nitakuwa kwa binti yangu."

Jioni ile Kidawa alirudi akiwa amekumbatia mfuko wa nailoni kifuani kama mtoto mchanga.

"Mama, usiguse, una grisi. Tumeazimwa sare. Nyeupe. Za wizara kabisa."

"Za nini?"

"Za Siku ya Bomba. Darasa la pili tunakaa mbele, chini ya bomba hasa, tunaimba. Ikilowa hata tone moja mzazi anaitwa. Hata maji ya kunywa tumekatazwa mpaka tuzirudishe." Akaanza kukunja mfuko upya. "Halafu Mtukufu atafungua vali yote, mpaka mwisho. Mwalimu kasema haijawahi kufunguliwa hivyo. Ni kwa ajili yako, mama, ili namba ya masikio yako iwe kubwa."

Mwajabu alikuwa anamenya viazi. Kisu kikasimama.

"Yote?"

"Yote. Mbona umekaa hivyo? Hufurahi?"

Angeweza kumficha mwanawe ndani, akasema ana homa. Wazo hilo lilikuja, akalitazama, akaona limebeba mtoto mmoja tu. Darasa la pili lilikuwa na watoto thelathini na tisa. Karibu wote aliwahi kuwafuta kamasi, na wawili aliwanyonyesha mama zao walipolazwa.

Asubuhi akaandika ripoti, kwa mwandiko wa kutulia, ukurasa mmoja. Ilirudi mchana ule ule, imesahihishwa kwa wino mwekundu. Alipoandika "bomba limeoza" paliwekwa "bomba limekomaa". Alipoandika "litapasuka" paliwekwa "litafunguka". Na "watoto wataumia" ikawa "watoto wataguswa". Chini Lukindo aliongeza kwa mkono wake: "Ripoti nzuri sana. Itasomwa siku ya sherehe."

Mwajabu akaiweka mezani, akaitazama mpaka macho yakauma. Kisha akaona kama ukweli haupiti mlango huu, labda uongo utapita. Akarudi kwa Lukindo.

"Mkurugenzi, nilisahau kukwambia kitu. Haya masikio yanasikia kilicho ndani bila kukifungua."

"Ndani ya bomba."

"Ndani ya chochote kilicho karibu. Kijitabu hakisemi yanaishia wapi."

Lukindo akajifunga kifungo cha koti. "Hata ndani ya mtu?"

"Mimi ni fundi tu, mkurugenzi."

Kufikia saa tisa mahema ya wakubwa yalikuwa yameng'olewa na kusimikwa upya hatua mia mbili kutoka kwenye bomba. Viti vya mawaziri vikaenda, vya makamishna vikaenda, hata tarumbeta za polisi zikaenda, maana nazo ziliwahi kusikia mengi. Mwajabu alisimama barabarani akitazama, akawaza. Sasa na watoto watasogezwa.

Watoto walisogezwa. Nafasi iliyobaki wazi mbele ya bomba isingependeza kwenye picha, basi darasa la pili likasogezwa ndani zaidi, mabega yaguse nguzo. Lukindo mwenyewe alikuja kupanga mabenchi, akaegemea upande wa mbali na masikio.

"Watoto hawana siri," alimwambia Mwajabu kwa upole. "Wao wanaweza kukaa popote."

Mwajabu hakusema asante siku hiyo.

Akaenda kwa Mwalimu Rehani, mwalimu mkuu, mwanamke mrefu aliyevaa filimbi shingoni miaka ishirini mpaka kamba ikaacha alama. Alimkuta anapiga pasi vitambaa vya meza.

"Mwalimu, waondoe watoto pale."

"Kwa barua ya nani?"

"Bomba limekwisha, Mwalimu Rehani. Ni rangi tupu. Njoo ubonyeze."

"Nimeshabonyeza." Rehani hakuinua macho kwenye pasi. "Mwaka jana. Nikaandika. Walinihamishia darasa la pili kutoka kivulini likakae juani, wakasema ndilo jibu. Sikia, Mama Kidawa. Mimi hapa nina barua tatu. Moja ya kuwaketisha, moja ya kuwaimbisha, moja ya sare. Ya kuwaondoa sina. Ukiniletea nitawaondoa hata sasa hivi, na pasi ikiwa ya moto. Bila barua, kesho shule hii ina mwalimu mkuu mwingine, na huyo atawarudisha palepale."

Mwajabu akageuka kuondoka. Mlangoni akasimama.

"Hiyo ya sare inasemaje?"

"Ndiyo ndefu kuliko zote. Kurasa nne. Sare zisikunjwe ovyo, zisipakwe chaki, zisikaribiwe na maji. Zikikaribiwa na maji, walimu wawaondoe wanafunzi mara moja, mbali, mahali pakavu, bila kungoja amri ya mtu yeyote." Pasi ikasimama juu ya kitambaa. Rehani akainua uso. Wakatazamana mpaka kitambaa kikaanza kunuka.

"Unaunguza, mwalimu," alisema Mwajabu.

"Naona."

Siku ya Bomba jua lilitoka vizuri, kama lilivyoagizwa. Mwajabu alipofika alikuta masikio yake, aliyoyafunga juu ya bomba kwenye kona kama alivyoamriwa, yamepakwa rangi ya kumi na saba, zambarau, sawa na bomba lenyewe, pamoja na mikanda, pamoja na kioo. Mtu mmoja mwenye huruma alikuwa ameacha tundu pale penye namba. Darasa la pili walikuwa wameketi mabenchini chini ya bomba, weupe kama unga, mikono magotini. Kidawa alikuwa mbele kabisa. Alimwona mama yake akamkonyeza.

Kule mahemani Lukindo alikuwa anasoma ripoti kwenye kipaza sauti. "Bomba letu limekomaa," sauti ilisikika. "Litafunguka, na watoto wataguswa." Makofi. Mtukufu, Mlezi wa Maji Yote, alikuwa ameshapandishwa mlimani kwa gari na mkono wake ulikuwa kwenye gurudumu la vali, anangoja wimbo.

Mwajabu akapanda ngazi. Hakuna aliyemzuia, fundi na ngazi yake ni kitu kimoja. Akachagua ubavu, kama kijitabu kilivyosema. Akachagua pia mahali pa kusimama, juu ya mtoto gani, na hilo halikuandikwa kwenye kijitabu chochote. Akatoa skrepa kwenye mkunjo wa kanga, akakwangua.

Zambarau ikatoka. Ikaja ile nyekundu ya njaa, ikaja bluu ya Subira, nene kuliko zote. Kijani, njano, rangi za miaka ambayo Kidawa hajazaliwa, zikawa zinadondoka kama maganda ya kitunguu. Ikabaki nyeupe ya kwanza kabisa, nyembamba kama karatasi. Chini ya nyeupe angetakiwa kukuta chuma. Akakuta maji.

Yalitoka kama uzi, yakamwagikia bega la Kidawa.

Kidawa akaruka. Akatazama bega, akatazama juu, na uso wake ulikuwa wa mtoto aliyesalitiwa. "Mama. Sare."

"Naiona, mwanangu. Mwambie mwalimu."

Hakukuwa na haja. Mwalimu Rehani alikuwa ameshasimama, barua ya kurasa nne mkononi, kidole kwenye mstari wake. Akapuliza filimbi.

"Sare," alisema, si kwa kelele sana. "Darasa la pili, sare zinalowa. Kiwanja cha mpira, mbio. Anayeanguka ainuliwe na jirani yake."

Katika nchi ile uliweza kumwambia mtu kwamba mtoto atakufa, naye akakuomba uiweke kwa maandishi. Lakini sare za wizara kulowa, hilo kila mtu alilielewa. Walimu waliokuwa wamesimama kama milingoti wakaruka. Askari wakaacha bunduki wakabeba watoto kwapani, wawiliwawili. Mtu mmoja wa itifaki, aliyemfukuza Mwajabu mara tatu wiki ile, alipita anakimbia na mtoto mgongoni, anamwambia, "Inua pindo, inua pindo." Dakika mbili hazikufika, chini ya bomba pakabaki mabenchi matupu, na Mwajabu juu ya ngazi. Akashuka akakimbia naye.

Mlimani hawakuona kitu. Waliona wimbo umechelewa, wakaamua Mtukufu afungue tu. Akafungua. Yote.

Bomba halikupasuka kwa kishindo. Lilimenyeka. Lilifunguka kuanzia kwenye kona mpaka nguzo ya sita, rangi juu ya rangi, na maji ya miaka kumi na saba yakashuka kwa mara ya kwanza yote pamoja. Yakachukua mabenchi, yakachukua jukwaa, yakang'oa mlingoti wa bendera na kuupeleka sokoni. Kabla masikio hayajakatika, namba yake iliruka kwenye waya uliovutwa mpaka mahemani, na Lukindo akaisoma kwa sauti iliyokuwa inatetemeka kwa fahari. Ilikuwa namba kubwa kuliko zote tangu nchi iumbwe. Mahema yote yakasimama kupiga makofi, na bado yalikuwa yanapiga makofi maji yalipofika kwenye viatu.

Tume iliundwa. Ilikaa siku tisini, ikaona kwamba bomba lilikuwa zima hadi lilipovuliwa nguo na mwanamke mmoja bila fomu. Mwajabu akaachishwa kazi, akaamriwa aliombe Bomba radhi. Alipouliza liko wapi alionyeshwa ndoo ya zambarau, akaiomba radhi ndoo. Mwalimu Rehani alipewa cheti cha utunzaji bora wa sare, ila ile ya Kidawa ilirudishwa ikiwa na doa begani, na mzazi aliitwa.

Bomba jipya lilijengwa haraka, kabla ya sherehe nyingine. Safari hii walitumia fremu za mianzi na turubai, wakapaka rangi zote kumi na saba kwa mpigo ili lisipungukiwe heshima na la zamani. Chuma, wizara ilisema, kitafuata. Na barua ikaja nyumbani, Kidawa akaisoma mwenyewe, maana alikuwa darasa la tatu sasa: kwa kuwa walionyesha nidhamu, watakaa tena mbele.

Wazazi waliitwa shuleni kuonyeshwa mpangilio. Lukindo alikuja kuhutubia. Hakuwa amefika katikati ya salamu, Mwajabu akatoka kwenye foleni, akaenda kwenye bomba, akatoa kijiko kwenye mkunjo wa kanga, akagonga. *Bu.* Kisha akarudi mahali pake. Mama wa pili akatoka, naye alikuwa na kijiko. Kisha wa tatu, kisha baba mmoja mwenye ufunguo wa baiskeli. Walikwenda mmoja mmoja bila kusukumana, kila mtu akigonga mahali pake, na bomba likiwajibu vilevile.

"Mnafanya nini, wazazi wangu?" Lukindo aliuliza, sauti laini kama siku zote.

"Tunabisha hodi tu, mkurugenzi," alisema Mwajabu. "Watoto wetu mnawakalisha hapa. Tunataka kujua kama ndani kuna mtu."

Lukindo akaangalia saa, akasema mkutano umeahirishwa. Kesho yake ilitoka barua ya kupiga marufuku vijiko mikutanoni.

Hapo ndipo tulipofika. Nawe uliyesoma mpaka hapa, ukiona mwanao ameletewa sare mpya na kiti cha mbele, mpeleke ukitaka, hakuna atakayekulaumu. Ila tangulia wewe, ukagonge. Barua ilitaja vijiko tu. Vidole haikuvitaja.